Mwanagenzi na Mhandisi wa Nairobi

Msomaji, ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukashika barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi, utapita Westlands, utapita Kangemi, na punde utaufikia mtaa wa Mountain View. Jina la barabara hiyo ni kumbukumbu ya Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa Kabete aliyekufa mikononi mwa Waingereza mwaka wa 1892. Lakini habari zake zataka kitabu chake. Leo nataka tusimame karibu na Mountain View, upande wa Kabete, mbele ya chuo ambacho wapitaji wengi hawakitupii jicho. Chaitwa sasa Kabete National Polytechnic. Kilipoanzishwa mwaka wa 1924 kiliitwa Native Industrial Training Depot, yaani bohari ya kufunzia wenyeji kazi za ufundi. Neno hilo la bohari walilichagua wenye serikali wenyewe. Shule ni mahali pa watoto wa watu, na bohari ni mahali pa shehena.

Nimekuleta hapa kwa sababu wewe, ikiwa wapenda hesabu na fizikia, huenda siku moja ukaingia katika chuo cha uhandisi, na kabla hujahitimu utaambiwa: enenda kiwandani, ukakae huko wiki kadhaa, kisha urudi utueleze uliyoyaona. Safari hiyo yaonekana kuwa jambo jepesi. Walakini ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ni chungu, maana swali la nani aruhusiwe kuingia karakana, na aingie kama nani, limewahi kuamua maisha ya watu wengi katika nchi hii.

Kabla ya reli, pwani yetu ilikuwa na njia yake ya kumfanya kijana kuwa fundi. Katika Lamu na vijiji vyake, kama Matondoni, mtoto aliyetaka kuunda vyombo alipelekwa kwa fundi mwenye jina. Siku za kwanza hakupewa shoka. Aliokota vipande, alichota maji, alishika ncha ya ubao huku fundi akipima kwa jicho. Baadaye alipewa keekee atoboe matundu. Akafunzwa kutia kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta ili maji yasipenye. Miaka ilipita kabla ya kuaminiwa kupinda mbao za tumbo la jahazi. Alipohitimu alimpa mwalimu wake kilemba, tunzo ya shukrani, na tangu siku hiyo aliweza kusimama juu ya kazi yake mwenyewe. Kijana huyo ndiye mwanagenzi. Angalia kwamba hakuna aliyehitaji kumtayarisha kwa ajili ya kazi, maana hakuwahi kutengwa nayo hata siku moja. Ila mafunzo hayo yalikuwa na upungufu wake: elimu ilitoka mkono hadi mkono, haikuandikwa, na fundi mmoja hakuweza kulea zaidi ya vijana wachache.

Reli ilileta kazi za namna nyingine. Ilianza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na ikaligusa ziwa la Victoria Desemba 1901. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo, na wapatao 2,500 kati yao hawakurudi kwao wala hawakubaki hapa, walikufa. Miongoni mwao walikuwamo waashi, wahunzi, maseremala na mafundi wa mitambo. Makao makuu ya reli yalipohamishwa kutoka Mombasa yakaletwa Nairobi, karakana zilijengwa mahali palipokuwa na majimaji na nyasi tu, na mji ukakua kuzizunguka. Twaweza kusema pasipo kukosea kwamba Nairobi ni mtoto wa karakana. Lakini katika karakana ile mpangilio wa watu ulijulikana kwa macho: Mzungu alisimamia, Mhindi alishika tupa na nyundo, na Mwafrika alibeba, alifagia, alichochea moto. Mtu aweza kukaa miaka 20 kando ya mashine akiichochea moto asipate kuambiwa kwa nini mvuke husukuma pistoni.

Mwaka wa 1909 mwalimu mmoja kutoka Bombay, Profesa J. Nelson Fraser, aliitwa kuishauri serikali ya makoloni juu ya elimu. Shauri lake kwa Waafrika lilikuwa kazi za mikono. Serikali ililipenda shauri hilo, na haikuwa kwa huruma tupu: fundi aliyeletwa kutoka ng'ambo alidai mshahara mkubwa, na masetla walitaka mtu wa bei nafuu zaidi wa kuwajengea nyumba na kuwatengenezea magari. Basi misheni zikapewa ruzuku kwa ajili ya wanagenzi waliofungwa kwa mkataba wa miaka kadhaa. Mmoja wa vijana waliopita katika mafunzo ya namna hiyo alikuwa Kamau, aliyefika misheni ya Waskoti ya Thogoto mwaka wa 1909 na kufunzwa useremala. Katika miaka ya 1920 alifanya kazi katika idara ya maji ya Nairobi, akisoma mita za maji. Wewe wamjua kwa jina la Jomo Kenyatta. Sijui kama alikuwa seremala hodari, na naona si dhambi kutojua. Ila nafurahi kwamba Rais wa kwanza wa Kenya aliwahi kushika randa.

Sasa turudi Kabete. Vijana waliokuja pale katika miaka ya 1920 walitoka katika shule za misheni, nao walijifunza uashi, useremala, uhunzi na kazi nyinginezo. Sehemu kubwa ya siku ilikwenda katika vitendo; kalamu ilipata saa chache. Muda wa chuoni ulipokwisha mkataba ulikuwa bado haujaisha: mwanagenzi alitolewa kwa mjenzi au kwa idara ya serikali akamalizie huko muda uliobaki. Hii ndiyo asili, katika jiji letu, ya jambo tunaloliita leo mafunzo ya kazini. Na hapa ndipo penye kitendawili. Kwa upande mmoja, mpango ule ulikuwa na busara: kijana hakuhesabiwa fundi mpaka ajaribiwe na kazi ya kweli, penye mvua, penye haraka, penye mteja anayegombana juu ya mlango usiofunga. Kwa upande wa pili, mkono ulifunzwa na akili ikafungiwa. Aliyejua kuchonga tenoni barabara hakufunzwa hesabu ya kujua boriti itabeba uzito gani kabla ya kuvunjika. Hesabu hiyo ilikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo mwingine alijulikana kwa rangi ya ngozi yake.

Usidhani kwamba nakuza maneno. Mwaka wa 1948 tume ya serikali iliyoongozwa na Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa Afrika Mashariki, ilipendekeza kwamba Mwafrika mwenye sifa zile zile na kazi ile ile alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Kanuni hiyo haikuondolewa mpaka baada ya tume ya Lidbury mwaka wa 1954. Piga hesabu mwenyewe: penye shilingi 500 za mmoja, mwenzake apata 300, na nyundo ni ile ile.

Kisa kingine kilitoka Kabete hiyo hiyo, ijapokuwa si cha uhandisi. Katika Kabete ya Chini kulikuwa na shule ya Jeanes, iliyofunguliwa mwaka wa 1925. Tom Mboya alisoma huko kati ya 1948 na 1950, akijifunza kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Siku moja alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia, akiendelea na kazi aliyofunzwa. Mwanamke wa Kizungu akaingia na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu humo. Mboya mwenyewe alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1963. Nakitaja hapa kwa sababu mwanafunzi anayekwenda kazini kwa mara ya kwanza huogopa kwamba hajui kitu. Mara nyingi hofu iliyo kubwa zaidi ni ya kutoonekana kabisa.

Elimu ya juu ya uhandisi ilichelewa. Mpango wa kujenga chuo cha ufundi Nairobi uliandikwa mwaka wa 1947. Hati ya kifalme ya Royal Technical College of East Africa ilitolewa mwaka wa 1951, na jiwe la msingi likawekwa mwaka wa 1952. Chama cha Wahindi kilichokuwa kikichanga fedha kwa kumbukumbu ya Mahatma Gandhi kilikubali kuunganisha nguvu zake na za serikali, na hiyo ndiyo sababu sanamu ya Gandhi imesimama katika chuo kikuu cha Nairobi hata leo. Wanafunzi wa kwanza waliingia Aprili 1956. Kumbuka hali ya nchi wakati ule: sheria ya hali ya hatari ilikuwa ingali juu ya Kenya, Kenyatta alikuwa kifungoni, na hapa katikati ya mji vijana wa rangi zote walikaa katika darasa moja wakisikiliza habari za nguvu na mkazo. Mwaka wa 1961 chuo kikawa Royal College na kutayarisha wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka wa 1964 kikawa University College. Mwaka wa 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwanafunzi wa Tanganyika au wa Uganda aliyetaka uhandisi ilimpasa kuja Nairobi. Dar es Salaam ilianza kufundisha uhandisi mwaka wa 1973, kwa msaada wa Wajerumani, na tangu mwanzo ikayaweka mafunzo ya viwandani ndani ya masomo yenyewe, si kando yake.

Basi tatizo likageuka. Kabete ya zamani ilikuwa na mikono isiyopewa hesabu. Chuo kikuu kipya kilikuwa katika hatari ya kuwa na hesabu isiyo na mikono. Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza, chuo cha ufundi cha Sunderland kilianza mwaka wa 1903 kupanga masomo ambayo mwanafunzi hukaa chuoni kwa muda na kiwandani kwa muda. Huko Marekani, mwaka wa 1906, mwalimu aitwaye Herman Schneider wa chuo kikuu cha Cincinnati aliwachukua wanafunzi 27 akawapanga wawili wawili: wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake yuko kiwandani, wiki ijayo wabadilishane. Kwa njia hiyo nafasi ya kiwandani haikukaa tupu, wala mwenye kiwanda hakulalamika kwamba mfanyakazi wake amekimbilia vitabu. Napenda akili ya mpango huo. Schneider hakumwomba mwenye kiwanda sadaka. Alimletea jambo lililomfaa na yeye pia.

Kenya ilipata sheria ya mafunzo ya viwandani mwaka wa 1959. Kenya Polytechnic ilifunguliwa mwaka wa 1961, na wengi waliosoma pale walikuwa waajiriwa walioruhusiwa na mabwana zao kwenda masomoni. Mwaka wa 1971 sheria ilitiwa jambo zito: waajiri watozwe fedha za kugharimia mafunzo, ili yule anayefunza asimgharimie jirani yake anayengoja kuiba mafundi waliokwisha kuiva. Kwa amri ya mwaka wa 2007 tozo hiyo iliwekwa kuwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Sheria ya mwaka wa 2011 ikaunda mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, na miongoni mwa kazi zake ni kuwatafutia wanafunzi nafasi. Hayo ni mambo ya sheria, nami sitakuchosha nayo, tuingie karakana.

Fikiri kwamba ni mwaka wa 1957, na wewe umeletwa katika karakana za reli za Nairobi. Mbele yako imesimama injini ya mvuke ya aina ya Garratt. Injini za aina hiyo 34 ziliundwa Manchester mwaka wa 1955 na 1956 kwa ajili ya njia ya Mombasa, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja yake, Mount Gelai, waweza kuiona hata sasa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Uzito wake wapata tani 252. Darasani umejifunza kwamba mvuke ukibanwa hutafuta njia ya kutoka. Umeandika mlinganyo wake na kupata alama nzuri. Lakini hapa fundi mzee anaigonga ribiti kwa nyundo ndogo, anasikiliza, anahamia ya pili, anasikiliza. Ya saba anaitia alama ya chaki. Imelegea. Amejuaje? Kwa sauti. Hakuna ukurasa katika kitabu chako wenye sauti ile. Nawe waweza kumweleza jambo ambalo yeye hajaelezwa: kwa nini mkazo hukusanyika penye tundu, na kwa nini ufa huanzia hapo. Kati ya chaki yake na mlinganyo wako ndipo uhandisi ulipo, na watu wawili hao wasipozungumza, kila mmoja hubaki na nusu.

Kwa hiyo matayarisho ya mwanafunzi huanza kabla ya siku ya kwanza. Na ajue kusoma mchoro wa kiwanda bila kuugeuza mara tatu. Na ajue kushika tupa na kupima kwa kalipa, maana aibu ya kutojua jina la chombo humfanya mtu aseme ndiyo wakati angepaswa kusema sijui, na katika karakana ndiyo ya uongo huweza kumgharimu mtu kidole. Avae ovaroli iliyombana mwilini na viatu vyenye chuma puani. Mashine haibagui kati ya ukosi na mkono. Ajifunze kuzima umeme na kufunga swichi kwa kufuli kabla ya kugusa waya, na ufunguo akae nao mwenyewe. Ajue pia adabu ya mahali. Fundi asiye na shahada aliyefanya kazi miaka 30 si mtumishi wa mwanafunzi. Kijana wa chuo anayemwamuru mzee kama nyapara atafunzwa siku moja tu, na siku zilizobaki atafunzwa kufagia.

Nami nilipata kufagia, ingawa kosa langu lilikuwa dogo zaidi. Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa kwa wiki nane katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Msimamizi alinipokea kwa tabasamu, akanipa kiti karibu na dirisha, na kwa wiki tatu kazi yangu ilikuwa kupanga majalada na kuleta chai. Nilinyamaza, nikidhani kunyamaza ndiyo heshima. Wiki ya nne pampu ya maji ilikufa, wote wakakimbia, na mzee mmoja aliyekuwa akihitaji mtu wa kumshikia taa akanita. Tuliifungua pampu kuanzia asubuhi hadi jioni. Beringi ilikuwa imeliwa upande mmoja tu, na mzee akaniuliza kwa nini upande mmoja. Nilijibu kwamba huenda mhimili wa mota na wa pampu havikulingana. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Tangu siku ile sikuleta chai tena, lakini zile wiki tatu hazikurudi, na hakuna aliyenipora ila ukimya wangu na uvivu wa mipango yao, nusu kwa nusu.

Leo shida iliyo kubwa ni ya nafasi. Vyuo vimekuwa vingi, wanafunzi ni maelfu, na eneo la viwanda la Nairobi halikupanuka kwa kadiri hiyo. Mwanafunzi hutembea na barua yake kutoka lango hadi lango. Mwenye jamaa ndani huingia. Asiye na mtu hungoja. Wasichana husimulia jambo la ziada: kuna malango ambapo wameulizwa kama hawakukosea njia wakitafuta ofisi ya uchapaji. Ubao uliomtenga Mwafrika katika karakana ya mwaka wa 1910 umeondolewa, lakini misumari michache imebaki ukutani, na nguo za watu zingali zinanasa. Dhuluma hizi mbili si sawa kwa ukubwa wala sitazilinganisha. Nasema tu kwamba swali ni lile lile la nani aingie, na aingie kama nani.

Ukibahatika kuingia, utapewa daftari. Kila jioni utaandika ulichokifanya siku hiyo, na kila wiki msimamizi atatia sahihi. Mwalimu wako naye atakuja kukuzuru kiwandani na kulisoma. Wanafunzi wengi huliandika usiku wa kuamkia ziara hiyo, kurasa 40 kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, na kila mwalimu aliyewahi kuwa mwanafunzi hulitambua daftari la namna hiyo kabla ya kulifungua. Andika siku ile ile. Chora pampu kama ulivyoiona, pamoja na kutu yake. Andika jina la chombo kama mafundi walivyolitaja, na chini yake jina ulilolikuta kitabuni; aghalabu hayatafanana. Andika pia swali uliloulizwa ukashindwa kulijibu, na uache nafasi tupu chini yake.

Asubuhi na mapema, katika kituo cha Kangemi, utawaona vijana wakingoja matatu ya kwenda mjini, ili wabadilishe gari na kuendelea hadi eneo la viwanda. Baadhi yao hutoka Kabete, katika chuo kile kile cha mwaka wa 1924. Utawatambua kwa viatu vyao vizito na kwa daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa hofu ya mvua.